Kwa nini plastiki nyeusi ilipasuka kwenye uchaga wetu Chechelesi

Salaam aleikum wakuu, na wale wa habari zenu, habari zenu.

Nimekuwa nikisoma hapa kimya kimya nyuzi zenu za safari. Huyu alifika Dubai, huyu alipotea Kampala. Mimi sina safari. Mahali pa mbali nilipofika kwa hiari yangu ni Burat, na hapo pia nilipelekwa.

Lakini juzi nimeona vijana wanabishana kuhusu plastiki ya kutandika kwenye bwawa la maji. Mmoja anasema nyeusi, mwingine anasema bluu, wa tatu anatukana tu. Nikajiambia, Galgalo, hapa wewe ni profesa. Andika.

Haya ninayosema niliyaona kwa macho yangu, nikiwa nimekaa. Mambo yangu mengi nimeyaona nikiwa nimekaa.

Twende.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza form four hapa Isiolo, matokeo si ya kutangaza, si ya kuficha. Vijana wa rika langu walikwenda. Wengine jeshini, wengine Nairobi, wengine na ng'ombe huko Gotu. Mimi nilibaki nyumbani kwetu Chechelesi na mama yangu na nyanya yangu, tuliyemwita Akoo, maana ndivyo sisi Waborana tunavyomwita nyanya.

Watu walisema mimi mvivu. Si kweli. Mvivu ni mtu anayekataa kazi. Mimi kazi ilikuwa haijui nilipo, na mimi sikuwa na haraka ya kuielekeza.

Nilikuwa na kigoda changu chini ya kivuli cha ukuta. Kivuli kikisogea, nasogea. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu ya kila siku, kutoka magharibi ya nyumba mpaka mashariki.

Basi.

Akatokea mgeni. Jina lake Kirimi, Mmeru, kijana mrefu mwenye miwani, anasoma digrii ya pili chuo kikuu huko Nairobi. Research yake ilikuwa ya polima. Yaani plastiki, mpira, nailoni na jamaa zao wote. Alitaka kujua plastiki ya aina gani inavumilia jua la huku kwetu, na inaweza kutumika kwa kazi gani.

Ngojeni niwaambie kwa nini jambo hili halikuwa la vitabu tu.

Huko Burat kulikuwa na kikundi cha akina mama wenye mashamba madogo. Vitunguu, sukuma, nyanya za kula. Walikuwa wamechimba shimo kubwa la maji kwa majembe, kwa mikono yao. Mama yangu alikuwa mmoja wao, na viganja vyake vilikuwa vigumu kuliko kisigino changu. Mvua ya kwanza shimo likajaa, watu wakaimba. Halafu udongo ukayanywa maji yote kama mgonjwa wa homa. Vitunguu vikakauka vikiwa na ukubwa wa jicho la mbuzi.

Nusu ya wanachama wakaanza kusema wanaacha.

Ndipo mradi mmoja wa wafadhili ukaahidi kuwapa plastiki ya kutandika humo ndani. Plastiki moja. Shimo moja, plastiki moja, wakichagua vibaya hakuna ya pili. Na rangi zilikuwa tatu: nyeupe ya kuonyesha upande wa pili, bluu, na nyeusi. Research ya Kirimi ndiyo ingewaambia wachague ipi kabla ya mvua za mwisho wa mwaka.

Sasa Kirimi alihitaji uwanja wenye jua, na mtu wa kuangalia sample zake kila siku. Huko Burat hakuweza, nyani wangemaliza research yote kwa asubuhi moja. Akamuuliza mwenyekiti wa akina mama, Mama Nkatha, Mmeru mwenzake aliyekuwa na kibanda cha mboga mjini.

Mama Nkatha hakufikiri hata kidogo. Alimwambia, "Kama unatafuta kitu ambacho hakisogei, nenda Chechelesi uulize Galgalo."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa na elimu ya juu.

Kirimi akajenga uchaga wa mbao katikati ya uwanja wetu, safu mbili. Safu ya juu ilinifika kichwani, safu ya chini ilifika kiunoni. Kila safu ikapata vipande vya rangi zote tatu, ukubwa wa mkanda wa suruali.

Na hakuvilaza tu. Alivipinda, akafunga ncha kwa uzi, vikawa kama duara lililobanwa. Nikamuuliza kwa nini anavitesa.

"Kwa sababu ndani ya shimo plastiki haikai sawa," akasema. "Kuna pembe, kuna mikunjo. Ikipasuka, itapasukia kwenye mkunjo."

Mama alipita na ndoo, akaangalia, akasema, "Hizi nailoni zenu zitaanikwa mpaka lini?"

"Mama, hii si nailoni. Ni polithini."

"Sawa. Hizi nailoni zenu za polithini zitaanikwa mpaka lini?"

Kirimi akaelewa kwamba nyumba hii haiendi kwa mtaala.

Mimi nilimpenda yule jamaa. Hakuwa na maringo. Jioni tukinywa chai alinieleza polima ni nini, na mpaka leo sijasahau. Alichukua kamba ya mkonge akaifumua. Akaniambia plastiki ni hivi, nyuzi ndefu sana zilizosokotana, ila ni ndogo huzioni. Jua la kwenu linafanya kazi ya panya. Linakata uzi mmoja mmoja, mpaka siku moja unavuta kamba inabaki mkononi.

Nyeusi je? Nyeusi imetiwa masizi wakati wa kutengenezwa. Yale masizi ni mwavuli. Jua linaishia juu juu, halifiki ndani kwenye nyuzi.

"Kwa hivyo tayari unajua nyeusi itashinda," nikamwambia.

"Vitabu vinajua. Mimi natafuta kujua kama jua la Isiolo limesoma hivyo vitabu."

Kazi yangu ilikuwa rahisi. Kufukuza mbuzi, na nilikuwa nawafukuza kwa mawe bila kuinuka, nina shabaha nzuri. Kutosogeza kitu. Na kuangalia kipi kimebadilika. Kirimi alikuwa anakuja na basi kila baada ya muda, anapima, anarudi Nairobi.

Wakuu, kwa mara ya kwanza nilikuwa na cheo. Watu wakipita njiani wanauliza, "Galgalo, unafanya nini?" Najibu, "Research." Na nilikuwa nimefanya hiyo hiyo research miaka miwili bure.

Miezi ikaenda.

Nyeupe ikageuka manjano kama jino la mla miraa. Bluu ikapauka kidogo lakini ikakaa. Na nyeusi, ile yenye mwavuli wake ndani, ile ya vitabu?

Nyeusi ikapasuka.

Tena ikapasuka vibaya, kwenye mkunjo, mpasuko mrefu kama umekatwa na wembe. Kirimi alipokuja akasimama mbele ya uchaga bila kuweka begi chini. Akaniuliza kama mtoto amecheza nayo. Nikaapa. Kama mbuzi amefika. Nikaapa tena. Akabadilisha, akaweka vipande vipya vyeusi.

Aliporudi mara nyingine, navyo vimepasuka.

Nikamwonyesha jambo moja. Vyeusi vilivyopasuka ni vya safu ya chini tu. Vya juu vilikuwa vizima kabisa. Akafurahi kidogo, akasema labda ni joto la mchanga linalopanda kutoka chini. Halafu furaha ikaisha. Kama ni mchanga, mbona bluu ya safu hiyo hiyo haijapasuka?

Profesa wake huko Nairobi alikuwa ameshamwambia kwamba amechanganya sample kama mpishi wa shule. Hilo Kirimi alinieleza akiangalia viatu vyake.

Na habari ikafika Burat. Mama Nkatha hakuhitaji kusikia mara mbili. Yeye tangu mwanzo alikuwa anataka bluu.

"Bluu ni rangi ya maji," alimwambia mama yangu. "Nyeusi ni rangi ya sufuria. Na sasa hata mtoto wa chuo amekubali inapasuka."

Mkutano wa kuchagua ukapangwa siku ya Jumapili, wakitoka kanisani wale wa kanisa. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya mlima Kenya, na kila mtu alijua maana yake.

Kirimi akaja Jumatano, mapema, akiwa kama mtu aliyekuja kuosha maiti. Akakaa kwenye mkeka karibu na kigoda changu, kikombe cha chai mkononi. Tukawa tunaangalia uchaga wake wawili wetu.

Sasa sikilizeni hapa vizuri.

Akoo alikuwa na kopo lake la mafuta ya mkia wa kondoo. Kila mara, akishamaliza chai ya asubuhi, alizunguka nyumba nzima na lile kopo na kitambaa, anapaka vitu vya ngozi. Kamba za kitanda chake. Viatu vyake. Kamba za punda. Ngozi kwa jua hili usipoipaka mafuta inakakamaa, halafu inakatika. Kila mtu anajua. Mtu anayeacha ngozi yake ikauke ni sawa na mtu anayeacha mtoto bila kula. Nimemwona akifanya hivyo tangu nizaliwe, mpaka nikawa simwoni tena, kama vile hamzioni pua zenu.

Siku hiyo akapaka kamba za kitanda. Akapaka za punda. Akavuka uwanja polepole, mgongo umeinama, akafika kwenye uchaga. Akachovya kitambaa.

Kirimi akashusha kikombe.

"Galgalo. Nyanya anafanya nini?"

"Anapaka mafuta."

"Anapaka nini?"

"Ngozi," nikajibu. Nikajibu kwa uhakika kabisa, kama mtu anayeulizwa jina la baba yake.

Halafu nikasikia nilichosema.

Wakuu, tukabaki wote wawili tunamwangalia. Alichukua kile kipande cheusi, akakipapasa pale kwenye mkunjo, akakipaka ndani na nje, taratibu, kwa upendo. Akaenda cha pili. Bluu akairuka. Nyeupe akairuka. Safu ya juu hakuifikia, kwa sababu Akoo alikuwa na mgongo wa miaka mingi, na mkono wake mwisho ulikuwa kifuani mwangu.

Fikirieni lile duara jeusi lililofungwa ncha. Macho ya Akoo yalikuwa yameanza ukungu. Hata kwa macho yangu mazuri, sasa nikiangalia vizuri, lilikuwa kama ile kamba ya ngozi ya kufungia ngamia miguu ili asiende mbali. Umbo lile lile. Rangi ile ile. Miezi yote ile bibi wa watu alikuwa anaona wajukuu wajinga wameanika kamba za ngamia juani, hawazipaki, hata ngamia hawana. Akafanya kama mtu mwenye akili timamu anavyofanya.

Kirimi akaniomba nimuulize, kwa heshima zote, ameanza lini.

Akoo hata hakugeuka. "Tangu mlipoziweka. Mwambie huyo mtoto wa Meru, kama hana mafuta aseme, asione haya. Lakini kamba zake ni mbaya. Hazinywi mafuta. Nimezipaka na kupaka, mafuta yanakaa juu tu."

Nikatafsiri.

Kirimi akacheka mpaka miwani ikaanguka. Halafu akaacha kucheka ghafla, akasimama, akaanza kutembea huku na huku. Akasema kuna jambo kama hilo limeandikwa. Plastiki hii ikiwa imepindwa na kukazwa, mafuta au sabuni inaweza kuipasua. Alilisoma akalipita, kwa sababu nani atapaka mafuta plastiki ya bwawa?

Nani? Akoo.

Lakini hakutaka tuamini tu. Akasema, "Kama ni mafuta, basi hata bluu ikipakwa itapasuka. Kama ni rangi, nyeusi itapasuka hata bila mafuta." Tukapinda vipande vipya. Vyeusi viwili, bluu viwili, tukavibana sawasawa kwenye safu ya chini. Kwa kila rangi tukapaka kimoja mafuta ya Akoo, kingine tukakiacha kikavu.

Akoo alifurahi sana kuona Kirimi anashika kitambaa. Alimrekebisha mkono. "Si hivyo. Paka kama unampaka mtoto."

Nikakaa kwenye kigoda changu kuangalia, na nawaambia kweli, sijawahi kukaa kwa bidii kama nilivyokaa siku zile. Mama akinituma dukani nasema niko kazini. Ijumaa nikatoka kwenda msikitini, nikarudi mbio. Mtaa mzima ukatoka nje kuona Galgalo anakimbia. Jirani mmoja akauliza nani amekufa.

Jumamosi mchana, cheusi chenye mafuta kimepasuka. Cha bluu chenye mafuta kimepasuka pia, mahali pale pale, kwenye mkunjo.

Vikavu vyote viwili vizima.

Kirimi akanishika mkono kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

Sasa tatizo likabaki moja, na halikuwa la sayansi. Jumapili ni lazima mtu asimame mbele ya akina mama aseme nyeusi ilipasuka kwa sababu ya mafuta. Na mafuta yalitoka wapi? Nikisema Akoo aliharibu, nimemwanika nyanya yangu mbele ya Burat nzima kama kitambaa. Nisiposema, Mama Nkatha ataona tunatengeneza hadithi. Kirimi mwenyewe hawakumwamini tena, maana ndiye aliyewapelekea habari ya kwanza. Akasema, "Wewe ndiye ulikuwa unaangalia. Sema wewe."

Mimi. Mtu wa kigoda.

Jumapili tukaenda Burat. Mama na Akoo walipanda mkokoteni wa punda, Akoo alikataa kubaki. Mimi na Kirimi tukatembea nyuma na vipande vyetu kwenye kikapu. Mama Nkatha aliniona kutoka mbali, akapiga mikono.

"Jamani njooni muone! Leo jua limetoka magharibi. Galgalo ana miguu!"

Akina mama wakacheka vizuri. Nikawaacha wacheke. Mtu akishacheka anasikiliza.

Tulisimama ukingoni mwa lile shimo lao. Chini kulikuwa na matope yaliyokauka yakapasuka vipande vipande, na jembe moja lililovunjika mpini. Nikaona mama yangu analiangalia lile jembe. Hapo woga ukanitoka.

Nikampa Mama Nkatha kipande cha bluu cha safu ya juu, kile kilichokaa juani miezi yote na hakikuguswa na mtu. Nikamwambia avute. Akavuta mara moja, kikakatika mkononi, na vumbi jeupe likabaki kwenye vidole vyake. Nikampa cheusi cha safu hiyo hiyo. Akavuta. Kikarefuka. Akavuta tena kwa meno yote nje. Kikakataa.

Akampa jirani yake. Jirani akavuta. Kikazunguka kikundi chote, mpaka kikawa kirefu kama ulimi wa nyoka, hakijakatika.

"Sawa," akasema Mama Nkatha. "Hiki ni kizima. Na vile vilivyopasuka vilikuwa wazimu?"

Nikatoa vile vinne vipya. Nikaeleza kama nilivyoelezwa, kwa kamba. Nikasema jua linakata nyuzi, na hilo nyeusi ina mwavuli wake. Lakini mafuta hayakati. Mafuta yanaingia pale palipokazwa, nyuzi zinateleza zinaachana, kama fundo la kamba ukilipaka samli. Nikawaonyesha bluu yenye mafuta nayo imepasuka. Kwa hivyo si rangi.

Mwanamke mmoja akasema, "Huyu si ndiye yule anayekaa tu?"

"Ndiye," mwingine akajibu. "Kumbe alikuwa anakaa na kitu kichwani."

Lakini Mama Nkatha hakuwa mtu wa kuachia. Akaweka mikono kiunoni. "Galgalo, mimi nauliza jambo moja. Hayo mafuta yalitoka wapi? Yalinyesha?"

Nikasema, "Yalikuwepo."

"Yalikuwepo wapi?"

"Pale uwanjani."

"Yalikuwa yanatembea?"

Watu wameanza kucheka, lakini si kile kicheko kizuri. Ni kile cha kumwona mtu anaongopa. Kirimi anaangalia miguu yake.

Ndipo Akoo akasimama. Alishika bega la mama yangu, akanyooka kiasi alichoweza, na akasema kwa Kiborana, sauti yake ile ya kuita mbuzi. Halafu akanielekezea kidole: tafsiri. Na nusu ya kikundi walijua Kiborana, kwa hivyo hakukuwa na nafasi ya kupunguza hata chembe.

Nikatafsiri hivi:

"Anasema, mafuta ni yangu. Nilipaka mimi. Niliona ngozi za watu zinakauka juani. Mngetaka nipite tu?"

Halafu mzee mwanamke wa Kiturkana aliyekuwa amekaa mbele akaitikia kwa kichwa, akasema hata yeye angepaka. Na mwingine akasema hivyo. Ikawa ni kikundi kizima kinakubaliana kwamba ngozi haiachwi juani.

Mama Nkatha akauliza, sasa kwa sauti ya chini, ya heshima, "Nyanya, mbona hukupaka ile ya bluu?"

Nikauliza kwa Kiborana. Akoo akajibu, akakaa chini, kama amemaliza shughuli zake.

Nikatafsiri:

"Anasema, alipaka ile nyeusi kwa sababu ndiyo peke yake ilifanana na kitu cha maana."

Wakuu, Burat ilipasuka kuliko ile plastiki. Mama Nkatha alicheka akashika mti. Alipopata pumzi akasema, "Haya, mimi nani nibishane na nyanya? Tandikeni hiyo sufuria yenu."

Lakini niwe mkweli, Mama Nkatha hakushindwa kila mahali. Alisema nyeusi itapika maji pembeni, na Kirimi akakubali ni kweli, nyeusi inabeba joto. Ndiyo sababu kingo zote zikafunikwa udongo. Na kwa ajili ya Akoo ikawekwa sheria: hakuna kufua hapo, hakuna sabuni, hakuna kuosha kibuyu wala chombo chenye mafuta kwenye maji yale. Na mikunjo ikalazwa polepole, haikukazwa. Sheria hiyo waliilinda akina mama wenyewe, na ole wako ukionekana na kipande cha sabuni karibu na shimo.

Ile nyeusi ilitandikwa siku chache kabla ya mvua. Shimo likajaa.

Likabaki limejaa.

Nilipooa, katikati ya miaka ya themanini, vitunguu vya pilau ya harusi yangu vilitoka shamba la mama, na maji yake yalitoka kwenye plastiki ile ile. Na ndiyo, nilioa. Bibi harusi aliletwa Chechelesi, mimi sikusogea.

Kirimi je? Alimaliza. Sura nzima ya kitabu chake cha digrii ilikuwa juu ya plastiki iliyopindwa na mafuta ya wanyama, na yule profesa wa mpishi wa shule ndiye aliyemsukuma aiandike. Aliniambia siku ya kuitetea waliuliza mafuta yalitoka wapi, akajibu kwamba ni ya mkia wa kondoo, yalipakwa na mtaalamu wa ngozi wa Isiolo.

Alikuja kutuambia habari hizo mwenyewe. Akoo alikuwa hawezi tena kutembea uwanjani, amelala kwenye kitanda chake cha kamba. Alimsikiliza mpaka mwisho, nami natafsiri. Digrii, profesa, sura, yote.

Akauliza kitu kimoja tu: "Na zile kamba za ngamia, aliziweka wapi?"

Mpaka hapo alikuwa hajakubali kwamba haikuwa ngozi. Hakukubali kamwe.

Kirimi akafungua begi lake. Alikuwa amepitia sokoni. Akamwekea mkononi kamba mbili za kufungia ngamia, ngozi halisi, mpya. Akoo akazipapasa. Akazipinda. Akazinusa. Uso wake wote ukafunguka.

"Hizi sasa ndizo," akasema. "Galgalo, lete mafuta."

Hiyo ndiyo habari yangu.

Nilichojifunza ni hiki. Kitu ukitaka kujua kitadumu, usikipime kwa jua peke yake. Kipime pale kitakapokaa, na watu wake, na mazoea yao. Maabara ina mashine zote lakini haina nyanya mwenye kopo. Na wewe kijana uliyetukanwa humu juzi kwa kusema nyeusi, ulikuwa sawa, ila funika kingo na weka sabuni mbali.

Na kwa wale mnaosema mtu wa kukaa nyumbani hana faida: plastiki, mafuta na nyanya vyote vilikutana mbele ya kigoda changu. Ningekuwa Dubai ningeona nini?

Watu wa campus, pale nilipokosea kuhusu polima nirekebisheni, lakini polepole, mimi mzee. Na wewe ambaye nyanya yako aliwahi kutengeneza kitu ambacho hakikuwa kimeharibika, weka chini hapa tusome. Mimi nipo tu. Kivuli bado hakijasogea.